Video ya maombi ya chuo kwa simu yako: mwongozo kamili kwa waombaji wa Moshi na Arusha

Kila mwaka ikifika Oktoba naanza kuletewa video na vijana waliomaliza kidato cha sita. Zinatoka Pasua, Rau, Sakina, Ngaramtoni, na kosa ni lile lile. Kijana kavaa koti la kuazima, kasimama wima mbele ya pazia, mikono nyuma kama yuko paredi. Anaanza: "Kwa majina naitwa fulani, nina umri wa miaka kumi na tisa, ndoto yangu ni kuisaidia jamii." Macho yanasoma karatasi iliyobandikwa pembeni ya simu. Bajaji inapita, inameza jina la somo analolipenda. Chuo kimesema sekunde 90, yeye kamaliza kwa dakika mbili na nusu.

Kinachoniuma ni kwamba kijana huyo huyo ukikaa naye kwenye benchi nje ya nyumba yao, anakueleza jambo mpaka chai inapoa mkononi. Yule wa kwenye benchi ndiye chuo kinayemtaka. Mwongozo huu ni wa kumtoa huyo, hatua kwa hatua, kwa simu uliyonayo.

Kwanza hakikisha unaihitaji. Maombi ya kawaida ya vyuo vyetu vya hapa nyumbani huamuliwa kwa matokeo ya mtihani, si kwa video. Wanaoipokea zaidi ni baadhi ya vyuo vya Marekani pamoja na baadhi ya wafadhili wa masomo, na mara nyingi ni hiari. Hiari maana yake ni hiari: video mbovu iliyotengenezwa usiku wa mwisho ni afadhali isitumwe.

## Vitu vya kuandaa

- Simu inayorekodi kwa ubora wa 1080p, yenye nafasi tupu ya angalau GB 3. Dakika moja ya video hiyo hula takriban MB 100 hadi 150, nawe utarekodi mara nyingi.
- Kitu cha kuisimamisha simu: stendi ya simu, au rundo la vitabu na mpira wa kufungia noti.
- Spika za masikioni za waya zenye maiki, au simu ya pili ya kurekodia sauti.
- Shuka jeupe safi. Kazi yake utaiona mbele.
- Daftari na kalamu.
- Programu ya kuhariri kama CapCut au InShot. Toleo la bure linatosha.
- Bando la GB 2, lisiloguswa mpaka siku ya kutuma.
- Mtu mmoja mwenye subira: dada, rafiki, binamu. Usimdharau, ni wa lazima kuliko stendi.

Usikodi mpiga video wa harusi. Atakuletea maua yanayozunguka, muziki na mwendo wa polepole, na msomaji wa maombi atamwona fundi badala yako. Vyuo vinataka kukuona ulivyo, havipimi ufundi wa kamera.

## Hatua ya 1: Nakili masharti kwa mkono

Fungua ukurasa wa chuo chenyewe, si picha iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp, kisha uandike daftarini: muda, swali, namna ya kutuma, tarehe ya mwisho.

Muda hutofautiana. Katika misimu ya karibuni, Chuo Kikuu cha Brown cha Marekani kimekuwa kikipokea video isiyozidi sekunde 90, na Chuo Kikuu cha Chicago isiyozidi dakika 2. Masharti hubadilika kila msimu, kwa hiyo soma ya mwaka wako.

Andika pia ni saa za wapi. Usiku wa New York saa 5:59 mwezi Januari, kwetu ni asubuhi ya kesho yake saa 1:59. Lakini wapo wanaohesabu kwa saa za mahali alipo mwombaji. Usitegemee yale masaa manane ya ziada. Jiwekee siku yako ya mwisho siku tatu kabla.

## Hatua ya 2: Tafuta jambo moja ambalo fomu haina

Hapa ndipo video nyingi hufia, kwa hiyo tulia hapa hata siku mbili.

Jina lako wanalo. Shule, alama, uongozi wa klabu, vyote viko kwenye fomu. Ukivirudia kwenye video umetumia sekunde 90 kusoma karatasi waliyo nayo mezani. Jiulize: ni jambo gani nalijua kwa mikono yangu, au nalifikiria mara kwa mara, ambalo hakuna kisanduku cha kuliandikia?

Binti mmoja wa Old Moshi alinijia akitaka kuzungumzia mabadiliko ya tabianchi. Alikuwa na hotuba nzima, imejaa maneno makubwa. Nikamuuliza, "Wewe mwenyewe umeyaona wapi?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwenye mfongo," yaani mfereji wa kumwagilia wa Wachagga.

Akaanza kueleza zamu ya maji ya bibi yake, na namna ya kuuziba mfongo ili maji yaingie kwenye kihamba chao, shamba la migomba la nyumbani. Unakata kipande cha mgomba, unakilaza kukatiza maji, ndipo unashindilia udongo mbichi kwa kisigino, kisha unachomeka majani pale yanapovuja. "Ukianza na udongo unabebwa wote," alisema. "Lazima mgomba utangulie." Kisha akataja daftari lake: tangu kidato cha pili alikuwa akiandika maji yalifika saa ngapi na yalipungua saa ngapi, kwa sababu alichoka kusikia wakubwa wakibishana.

Nikamwambia aachane na hotuba. Video yake ilikuwa mikono yake kwenye matope kwa sekunde kumi na tano, kisha yeye kakaa ukingoni, daftari mapajani, akieleza kwa nini aliamua kuhesabu. Neno tabianchi alilitaja mara moja, mwishoni.

Jambo lako si lazima liwe la kijijini. Kijana wa Unga Limited anayefungua redio mbovu akueleze alivyojua hitilafu iko wapi, hilo ni jambo. Anayempangia mama yake hesabu za genge pale soko la Kilombero, Arusha, analo pia. Kipimo ni hiki: je, kijana mwingine wa darasa lako angeweza kusema maneno hayo hayo? Kama angeweza, endelea kuchimba.

Tahadhari mbili. Ya kwanza ni Mlima. Kilimanjaro ina mita 5,895 na kila mgeni aliyepita Moshi ana picha yake, kwa hiyo ukiuweka nyuma yako haujasema chochote juu yako. Kama hadithi yako iko mlimani kweli, baba ni mpagazi nawe umebeba naye mizigo, uoneshe. Kama haiko huko, uache.

Ya pili nasema kwa uzito: usiuze umaskini wa nyumbani kwenu. Kuna watu wanawaambia vijana waoneshe ukuta uliobomoka na wadogo zao miguu peku ili wahurumiwe. Mkatalie anayekwambia hivyo. Kama hali ngumu imo ndani ya hadithi, itaje kwa sentensi moja, kwa heshima ya mzazi wako atakayeitazama video hiyo, kisha uendelee na ulichofanya wewe.

## Hatua ya 3: Sema kabla ya kuandika

Mkalishe yule mtu wako, mweleze jambo lako kwa Kiswahili bila karatasi, huku simu ikirekodi sauti tu. Mruhusu akukatize: "Ehe, halafu?" "Kwa nini?"

Sababu ni kwamba kalamu ikitangulia, unaandika Kiingereza cha mtihani. Mdomo ukitangulia, unapata mpangilio wako wa asili.

Sikiliza ulichorekodi, uweke alama kila mahali mwenzako aliposhtuka, alipocheka au alipouliza swali. Hapo ndipo nyama ilipo. Mara nyingi sentensi yako ya kwanza imejificha katikati ya maelezo, dakika ya tatu au ya nne.

## Hatua ya 4: Andika, kisha kata

Sasa andika kwa Kiingereza kama ndicho kilichoombwa, kwa sentensi fupi unazoweza kuzitamka bila kujikwaa. Mtu akizungumza Kiingereza kwa utulivu hutoa takriban maneno 130 kwa dakika. Kwa sekunde 90 andika maneno 170, si zaidi. Kwa dakika 2 andika 230. Muda unaobaki ni wa kupumua na wa picha zisizo na maneno.

Anza ndani ya jambo lenyewe. Badala ya "Leo ningependa kuwaeleza kuhusu umwagiliaji," anza na "Ukianza na udongo, unabebwa." Jina lako halina haja ya kutangulia.

Katikati eleza ulichofanya na kilichokushinda. Ndiyo, sema kilichokushinda, maana ndipo akili ya mtu huonekana. Mwishoni taja swali ambalo bado unalo na ungependa kulifuata chuoni. Usifunge kwa "nikipewa nafasi hii nitafurahi sana." Wanajua.

Mwisho wa hatua hii, karatasi nzima igeuze kuwa mistari mitano ya maneno machache machache. Hiyo mitano ndiyo utakayokwenda nayo kwenye kamera. Insha nzima iache nyumbani, kwani jicho linalosoma huonekana hata kama msomaji hajui linasoma nini.

## Hatua ya 5: Chagua mahali na saa

Huku kwetu jua la saa sita mchana linasimama utosini na kukuchimbia mashimo meusi chini ya macho. Rekodi kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, au kati ya saa 10 na saa 11 na nusu jioni, ukiwa kivulini lakini umeelekea upande wenye mwanga.

Ndani ya nyumba kaa ukilitazama dirisha, umbali wa hatua moja au mbili. Usilipe mgongo, simu itapima mwanga wa nje na wewe utakuwa kivuli cheusi. Upande wa uso ulio mbali na dirisha ukionekana mweusi sana, mpe mwenzako lile shuka jeupe alikunjue upande huo, nje ya picha. Litarudisha mwanga usoni. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi shuka hilo linafanya kazi kubwa, maana simu nyingi hukosea kupima uso wetu zikiona ukuta mweupe nyuma. Gusa uso wako kwenye kioo cha simu kabla ya kurekodi, ushikilie mpaka simu ikubali kukaa hapo. Kama nyuma kuna ukuta mweupe, hama.

Kelele nazo zina ratiba. Tembelea mahali pako siku moja kabla, saa ile ile, ukae kimya dakika tano huku umefumba macho. Utasikia usichokuwa ukikisikia: mashine ya kusaga, bodaboda wa kona, jogoo, spika ya kanisa, adhana. Epuka siku ya gulio kama uko karibu na soko.

Na kuna bati. Novemba na Desemba ni mvua za vuli, na maombi mengi huangukia hapo hapo, kati ya Novemba 1 na mapema Januari. Mvua ikianza juu ya bati hakuna maiki itakayokuokoa. Panga siku mbili za kurekodi, si moja.

Utajua mahali panafaa ukirekodi nusu dakika, ukasikiliza kwa spika za masikioni, na kila neno likasikika bila kukaza sikio.

## Hatua ya 6: Isimamishe simu

Ilaze simu kwa upana, isipokuwa chuo kimesema vinginevyo. Lenzi iwe usawa wa macho yako. Ikiwa chini utaonekana pua, ikiwa juu utaonekana umekaripiwa. Futa lenzi kwa kitambaa laini, kwa kuwa vumbi na mafuta ya vidole ndiyo ukungu unaoulalamikia.

Tumia kamera ya nyuma, kwa kawaida ni bora kuliko ya mbele. Hutajiona, na hiyo ni faida: mwenzako akae nyuma tu ya simu, nawe uiangalie lenzi huku ukizungumza naye. Kaa ili picha ikuchukue kuanzia kifuani kwenda juu, na nafasi ndogo juu ya kichwa. Weka simu kwenye hali ya ndege. Nimeona rekodi nzuri kuliko zote ikikatwa na simu ya shangazi.

## Hatua ya 7: Shughulikia sauti kuliko picha

Picha yenye chenga mtu huivumilia, lakini sauti ya ndani ya pipa humchosha haraka.

Maiki ya waya ibane kwenye kola, upana wa kiganja chini ya kidevu, isiguse nguo ukigeuka. Kama huna, washa programu ya kurekodi sauti kwenye simu ya pili, uiweke kwenye mfuko wa shati au mapajani nje ya picha. Video ikianza, piga kofi moja mbele ya uso. Wakati wa kuhariri utalinganisha mlio wa kofi na viganja vinapokutana, na sauti itakaa sawa na midomo.

Chumba kitupu chenye sakafu ya simenti hurudisha mwangwi. Tandika godoro au mablanketi sakafuni upande wa simu, na mwangwi utapungua papo hapo.

## Hatua ya 8: Rekodi

Vaa nguo yako uliyoizoea, safi, isiyo na mistari myembamba inayocheza kwenye kamera. Kunywa maji. Soma mistari yako mitano mara moja, weka daftari chini.

Rekodi nzima mara tatu bila kusimama hata ukikosea. Mara ya kwanza huwa ngumu, ya pili unafikiri sana, ya tatu mwili umechoka kuigiza. Kisha rudia vipande vilivyokwama tu. Usizidi rekodi nane kwa siku moja, kwani baada ya hapo uso unakuwa wa mtu anayesubiri adhabu.

Lafudhi yako iache ilivyo. Punguza mwendo, tamka miisho ya maneno, basi.

Baadaye rekodi picha za mikono na vitu: sekunde kumi kila kimoja, simu imetulia. Kama mtu mwingine anaonekana, omba ruhusa kwanza: "Shikamoo bibi, naomba nikurekodi kidogo, ni ya maombi ya chuo, wataitazama walimu wa huko." Akikataa, rekodi kazi ya mikono yako mwenyewe.

Kabla hujaondoka hapo, nakili rekodi zote kwenye simu ya mwenzako. Simu hupotea kwenye daladala.

## Hatua ya 9: Hariri kidogo

Kata mwanzo unapojiweka sawa na mwisho unaponyoosha mkono kuzima. Weka picha za mikono juu ya mahali ulipounganisha vipande viwili ili mruko usionekane. Usiweke muziki: unagombana na sauti yako, na wimbo wa mtu mwingine unaweza kufanya YouTube iizuie video.

CapCut huongeza kipande chenye nembo yake mwishoni, kifute. Maandishi ya chini weka kama kuna maneno ya Kichagga, Kimaasai au Kiswahili, na uyakague kwa jicho, kwa sababu yanayojiandika yenyewe hukosea majina yetu.

Toa faili la MP4, 1080p, fremu 30 kwa sekunde. Angalia muda: sekunde 88 ni salama, 91 si salama.

Kisha jaribio moja. Mwoneshe mtu ambaye hakushiriki, mara moja tu, umuulize, "Nimesema nini?" Akijibu kwa jambo lako, mfano "unahesabu maji ya mfongo," imekamilika. Akijibu "unaongea vizuri," rudi hatua ya 2.

## Hatua ya 10: Pakia na uhakiki

Usijitumie video kwa WhatsApp kama video ya kawaida, huibana na kuiharibu. Itume kama hati, au kwa Google Drive.

Kama chuo kinataka kiungo cha YouTube, chagua hali ya kutoorodheshwa, ambayo mwenye kiungo tu ndiye huiona. Ukichagua ya faragha, msomaji atakuta mlango umefungwa. Kwenye Google Drive ruhusu yeyote mwenye kiungo. Halafu fungua kiungo hicho kwenye simu ya mtu mwingine ambayo haijaingia kwenye akaunti yako. Ikicheza mpaka mwisho bila kuomba ruhusa, tuma.

Pakia usiku mwingi au alfajiri, mtandao ukiwa mwepesi, simu imejaa chaji. Umeme ukikatika katikati, simu na bando havitajali. Kompyuta ya steshenari itajali.

## Chuo kikitoa swali papo hapo

Chuo cha Bowdoin cha Marekani, kwa mfano, kimekuwa na utaratibu wa kukupa swali hapo hapo nawe ukajibu kwa video ya dakika 2. Hapo hatua za 5, 6 na 7 zinabaki vile vile, ila unatumia kamera ya mbele, huweki hali ya ndege kwa kuwa unahitaji mtandao, na simu ya pili ya sauti haitumiki. Fanya mazoezi kwa wiki moja: mwenzako akurushie swali lolote wakati wa chai, uhesabu hadi thelathini, ujibu kwa kisa kimoja. Usikariri majibu.

## Baada ya kutuma

Piga picha ya kioo inayoonesha maombi yamepokelewa. Hifadhi faili lenyewe sehemu mbili na usikifute kiungo wala kukibadilisha jina. Walioomba mapema kwa kawaida hujibiwa katikati ya Desemba, wengine mwishoni mwa Machi, na muda wote huo msomaji anaweza kuifungua video yako tena.

Na kama bibi alikubali kurekodiwa, mpelekee aione.